Kushuka Kasenyi kula samaki

Hapa Bunia mtu akisema «siku ya yenga tunashuka», hakuna anayemuuliza anashuka wapi. Kushuka ni kwenda ziwani, Kasenyi ao Tchomia, na kwa wengi wetu sababu ni moja: kula samaki. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,300 juu ya bahari. Ziwa Albert liko chini yetu, mita 600 na kitu. Katikati kuna njia ya kama kilometre 50, inayopita Bogoro, halafu inateremka mlima kwa kona na mawe mpaka joto linakupiga usoni. Mtu anapanda gari na koti, anafika amelivua. Na wote tunajua kwamba samaki yule yule anauzwa hapa sokoni, amepanda asubuhi kwa pikipiki. Lakini watu wanashuka tu. Tulijiuliza kwa nini, na jibu tulilikuta katika historia zaidi kuliko katika sufuria.

Historia ya Ituri tunayofundisha shuleni ina watu wake wakubwa. Kuna Samuel Baker, Mwingereza aliyefika ng'ambo ya ziwa Machi 1864 na kulipa jina la mume wa malkia wake, kama kwamba wenye ziwa hawakuwa na jina. Kuna Stanley, aliyetoka katika pori la Ituri Desemba 1887 na watu waliokondeana kwa njaa, akashuka mpaka majini, akakosa mtumbwi na habari za Emin Pasha, akarudi nyuma kujenga Fort Bodo. Walionana Aprili 1888 tu. Kuna dhahabu ya Kilo, iliyovumbuliwa 1903. Mama mwenye kupika samaki kando ya ziwa hayumo hata katika ukurasa mmoja, na kumbe bila yeye hao wote wangelala njaa.

Tuanze na chumvi, maana bila chumvi samaki wa ziwa hafiki mbali. Ng'ambo, upande wa Bunyoro, kuna kijiji cha Kibiro ambako wanawake wanatengeneza chumvi kwa kuchuja udongo na kuchemsha maji yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba kazi hiyo ina karne nyingi. Udongo wa pale haufai kulima, kwa hiyo chumvi yao ilibadilishwa na vyakula vya watu wengine. Wakati Ulaya haijasikia habari za ziwa letu, chakula kilikuwa kimekwisha kuwa biashara kando yake, na mizani ilikuwa mikononi mwa wanawake. Jambo hilo wanafunzi wetu huwa wanashangaa kulisikia.

Halafu Wabelgiji walikuja na migodi. Kilo na Moto zilikusanya maelfu ya wafanyakazi, wengi kwa nguvu, na sheria ya ukoloni ilimtaka mwajiri awape posho ya chakula. Posho ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba ya vijiji vya jirani, vilivyolazimishwa kulima mihogo, maharagi na mchele, na ilitoka ziwani pia, kwa samaki mkavu na samaki wa chumvi. Makamioni yaliyopandisha samaki yalihitaji madereva, wabebaji, makalani wa kupima. Watu hao wote walikuwa na tumbo. Wazee wanatuambia kwamba nyumba za kulia za kwanza hapo chini hazikuwa nyumba: mawe matatu, sufuria, mkeka, na mama mmoja anayejua saa ambayo kamioni inafika.

Wakati ule ule Kasenyi ilikuwa mlango wa Kongo. Leo ni vigumu kuamini. Abiria kutoka Kenya na Uganda alipanda treni, akachukua meli juu ya ziwa Kyoga, akapanda gari mpaka Butiaba, na pale alipanda meli Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, yenye vyumba vya kulala na meza ya kitambaa cheupe. Meli ilimfikisha Kasenyi ao Mahagi-Port, na kutoka Kasenyi angeweza kuendelea Irumu mpaka Stanleyville. Kwa hiyo kwenye bandari moja ndogo kulikuwa na meza mbili: ya melini, ya wazungu, na ya chini ya mti, ya wabebaji. Samaki alikuwa mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli ile ikaishia kuzama palepale. Meza ya kitambaa cheupe ilikufa. Ile ya chini ya mti ingali hai, na sisi hilo halitusikitishi.

Tuseme kidogo juu ya samaki mwenyewe. Mkubwa wao ni kapitene, ambaye ng'ambo wanamwita mputa. Huyu ni mwenyeji wa ziwa letu tangu zamani, wala hakuletwa na mtu. Kinyume chake, ni kutoka ziwa Albert ambapo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 kapitene walichukuliwa kwenda kutiwa katika ziwa Victoria. Kule aliongezeka kupita kiasi, akameza samaki wadogo wengi wa asili, akawa biashara kubwa ya kupeleka Ulaya. Watanzania wanamwita sangara, Wakenya mbuta. Miaka mingi watu wa Kisumu walikuwa wakienda Lwang'ni, kando ya maji, kukaa kwenye vibanda na kula samaki kwa mikono. Tukikutana na Mkenya anayejivunia mbuta wa kwao, tunamwacha amalize, halafu tunamwambia babu wa samaki huyo alitoka wapi.

Kutembea mbali kwa ajili ya sahani moja si ajabu ya Bunia peke yake. Kusini mwa Marekani kuna vimiji vidogo ambako watu wa mji mkubwa wanaendesha gari saa nzima siku ya yenga ili wale samaki wa kukaanga katika nyumba ya mbao. Hata hapa kwetu, dereva wa njia ya Kisangani atakuambia afadhali afunge tumbo mpaka Komanda kuliko kula popote. Lakini Komanda ni ya mtu anayepita. Kasenyi ni ya mtu anayekwenda na kurudi, ambaye hana shughuli nyingine kule, na hapo ndipo mambo yanakuwa ya kufikiri.

Utafika saa tano ao saa sita. Pirogi zilizotoka usiku zimekwisha kurudi, na mama amekwisha kununua asubuhi pale pale kwenye mchanga, maana mwenye kuchelewa anaachiwa wadogo. Hakuna karatasi ya kuonyesha vyakula. «Mama, leo kuko nini?» «Kuko kapitene, kuko tilapia. Muingie mumuone.» Na kweli unaingia nyuma, unamwona samaki mzima, unaonyesha kipande kwa kidole, mnapatana bei, halafu unarudi kukaa. Unangoja saa nzima, pengine na nusu. Mgeni kutoka Kinshasa, ambaye nyumba kama hii anaiita malewa, hukasirika. Kwake chakula cha malewa kiko tayari ndani ya sufuria. Huku kungoja ni sehemu ya safari. Watu wanazungumza, wanasalimia meza ya pili, wanauliza njia ikoje. Kijana anapita na maji ya kunawa. Kisha sahani inakuja: samaki katika mchuzi mwepesi, bugali ya muhogo inayotoa moshi, sombe, pilipili pembeni. Kichwa kinawekwa mbele ya mwenye umri mkubwa. Tumeona kijana mwenye kulipa akijaribu kukichukua, na mama akakirudisha mbele ya muzee bila kusema neno.

Katika kungoja kule watu walijuana. Mhema, Mlendu, Mngiti, Mbira, Mualur, Mnande, mfanyabiashara Mgiriki ao Mhindi kabla Mobutu hajatangaza kunyang'anya biashara za wageni Novemba 1973, wote walikaa juu ya mabao yale yale. Wasemaji wengi wa mikutano ya amani wanapenda kufika hapa na kusimama: tulikula pamoja, basi turudie kula pamoja. Sisi tunaona ni lazima kuendelea. Watu waliokula pamoja kando ya ziwa ndio waliotengana vitani kuanzia 1999. Sahani moja haikuzuia kitu. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa na raia wengi wakauawa; mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu mmoja wa viongozi wa wapiganaji kwa ajili ya siku ile. Mwezi wa 5 wa 2003, askari wa Uganda walipoondoka, Bunia yenyewe iliwaka moto, na tarehe 31 ya mwezi ule ule ilikuwa zamu ya Tchomia. Mwezi wa 6 jeshi la Ulaya, lile la operesheni Artemis, likafika.

Njia ya Kasenyi ilikuwa imekufa. Watu wa Bunia tulikaa kilometre 50 na ziwa bila kuliona, na samaki mbichi akawa ndoto ya hapa mjini. Aliyekuwa na jamaa upande mbaya wa njia hakupita, hata kama alikuwa mpishi tu. Wamama kadhaa wa kule chini walipanda na sufuria zao mpaka kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, wakapika maharagi kwa wenye franka kidogo. Wengine walivuka maji.

Na waliorudisha watu mezani hawakuwa wasemaji. Ni njia kufunguka. Kwanza zilipita pikipiki, halafu kamioni moja, halafu siku moja mtu alisema kwa sauti ya chini kwamba Kasenyi kuko mama amewasha moto tena. Ndiyo maana tunasema nyumba hizi zinastahili historia: ukitaka kujua Ituri ilikuwa na usalama mwaka gani, usisome hotuba, uliza ni lini watu wa Bunia walishuka kula samaki na kurudi jioni bila hofu. Kuanzia Desemba 2017 vita vilianza tena Djugu, na mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu walipanda pirogi Tchomia na kuvuka mpaka Sebagoro, upande wa Uganda. Pirogi ni zile zile za samaki. Septemba ya mwaka ule Ebola ikafika Tchomia, na kidoo chenye bomba kikachukua mahali pa kijana mwenye kumimina maji ya kunawa. Tangu Mei 2021, jimbo lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, mwenye kushuka alijifunza kuuliza kwanza saa ya kurudi, ndipo aulize samaki.

Tulipowatuma wanafunzi wetu wa mwaka wa 5 kuwauliza wamama hawa namna walivyojifunza kazi, wengi walileta majibu mafupi. Mmoja tu aliandika kurasa mbili. Mama aliyemuuliza alijifunza kwa shangazi yake, ambaye alipikia madereva wa makamioni, na shangazi alimkataza mambo mawili: kumfunika samaki akichemka, na kumtia nyanya nyingi. Mwanafunzi alishangaa, kwa sababu huku juu, Bunia, hakuna mchuzi wa samaki usio na nyanya. Mama akamjibu: «Ile ya kwenu, nyanya ni ya kuficha. Samaki wa leo unamutia kitunguu na chumvi, basi. Nyanya ni ya samaki wa jana.»