Akidi ya alama: jinsi ya kupata wastani wa haki

Katika mitaa ya Palma na Mocímboa da Praia, wenyeji na watu waliokimbia makwao hutumia kisima kimoja na soko moja. Mradi ukija, jamii huulizwa: tuanze na nini? Njia moja ya kuamua ni kila mtu kutoa alama, 0 hadi 10, kwa kila pendekezo. Anayeshinda ni mwenye wastani mkubwa. Je, hiyo inatosha?

Tatizo liko wapi?

Tuseme mapendekezo ni matatu, na si kila mtu ametoa alama kwa yote:

- Kisima: watu 80, wastani 7
- Vyoo vya wanawake: watu 38, wastani 9
- Banda la samaki: watu 6, wastani 10

Kwa wastani peke yake, banda limeshinda. Watu sita wameamua kwa niaba ya mtaa mzima. Ndiyo maana inahitajika akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili uamuzi uwe halali. Bunge la Msumbiji, lenye wabunge 250, haliwezi kuamua bila zaidi ya nusu yao kuwapo.

Kanuni ya kwanza: nusu ya idadi kubwa

Pendekezo lililopata watu wengi zaidi lina 80, kwa hiyo akidi ni 40. Banda linatoka. Vyoo navyo vinatoka, kwa upungufu wa watu wawili tu. Kisima kinashinda.

Kanuni ya pili: sifuri za nyongeza

Kila pendekezo linaongezewa sifuri 20, kana kwamba watu 20 zaidi wametoa alama 0. Kisha wastani unapigwa upya:

- Kisima: 560 ÷ 100 = 5.6
- Vyoo: 342 ÷ 58 = 5.9
- Banda: 60 ÷ 26 = 2.3

Hapa hakuna pendekezo linalofutwa, na vyoo vinashinda.

Ipi ni ya haki?

Kanuni ya kwanza ni rahisi kueleza mkutanoni, lakini inaweza kufuta sauti ya kundi dogo lenye shida kubwa. Ya pili inalipa kundi hilo nafasi, ila inahitaji mtu wa kupiga hesabu mbele ya watu wote. Alama zilezile zimetoa washindi wawili tofauti. Kwa hiyo kanuni, pamoja na idadi ya sifuri, ikubaliwe kabla ya alama kutolewa. Ikichaguliwa baadaye, aliyeichagua ndiye aliyemchagua mshindi.

Kumbukeni pia

- "Sijui" si sifuri. Asiyelijua pendekezo aache wazi.
- Elezeni kanuni kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili.
- Asiyesoma atumie kokoto au punje za mahindi.
- Idadi ya watoa alama itangazwe pamoja na wastani.