Mapigano ya Samar

Mapigano ya Samar yalikuwa mapigano ya baharini na angani yaliyotokea tarehe 25 Oktoba 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mashariki mwa kisiwa cha Samar nchini Ufilipino. Yalikuwa sehemu ya Mapigano ya Ghuba ya Leyte kati ya Marekani na Japani, ambayo huhesabiwa kati ya mapigano makubwa kabisa ya baharini katika historia.

Siku hiyo kikosi kidogo cha Marekani kilichojulikana kwa jina la Taffy 3 kilikutana ghafla na kikosi chenye manowari kubwa za Japani. Meli za Taffy 3 hazikujengwa kwa ajili ya kupigana na manowari za aina hiyo. Hata hivyo destroya zake na ndege zake zilishambulia, na baada ya saa mbili na nusu hivi Wajapani waligeuka na kuondoka. Kwa sababu hiyo mapigano haya hutajwa mara nyingi kama mfano wa ushujaa wa wanamaji na marubani waliokabili adui mwenye nguvu nyingi kuliko wao.

Chanzo

Tarehe 20 Oktoba 1944 majeshi ya Marekani chini ya Jenerali Douglas MacArthur yalianza kushuka katika kisiwa cha Leyte. Japani haikutaka kuipoteza Ufilipino, kwa kuwa visiwa hivyo vilikuwa kando ya njia ya meli zilizoipelekea mafuta kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Wajapani walipanga kuzishambulia meli za Marekani kutoka pande mbalimbali. Meli zao za kubeba ndege, chini ya Admirali Jisaburo Ozawa, zilikuwa zimebaki na ndege chache tu, hivyo zilitumwa upande wa kaskazini kuwa chambo.

Kikosi chenye nguvu zaidi kiliongozwa na Admirali Takeo Kurita. Tarehe 23 Oktoba kilishambuliwa na nyambizi za Marekani na kupoteza kruza mbili. Kesho yake ndege za Marekani ziliizamisha Musashi, mojawapo ya manowari mbili kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Kurita alirudi nyuma kuelekea magharibi, na Wamarekani wakaamini kwamba ameshindwa.

Admirali William Halsey, kiongozi wa Kundi la Tatu la manowari za Marekani, alichukua meli zake akaenda kaskazini kumfuata Ozawa. Mlangobahari wa San Bernardino ukabaki bila ulinzi. Usiku huohuo Kurita aligeuka tena, akapita katika mlangobahari huo na kuteremka kando ya Samar akielekea Leyte.

Vikosi vilivyokutana

Kurita alibaki na manowari kubwa 4 (Yamato, Nagato, Kongo na Haruna), kruza nzito 6, kruza nyepesi 2 na destroya 11. Yamato ilikuwa na uzito wa tani 70,000 hivi na mizinga 9 yenye kipenyo cha sentimita 46, mikubwa kuliko yote iliyowahi kuwekwa katika manowari.

Taffy 3, chini ya Admirali Clifton Sprague, ilikuwa na meli 13:

- meli ndogo za kubeba ndege 6: Fanshaw Bay, St. Lo, White Plains, Kalinin Bay, Kitkun Bay na Gambier Bay;
- destroya 3: Johnston, Hoel na Heermann;
- destroya ndogo za kusindikiza 4: Samuel B. Roberts, Dennis, John C. Butler na Raymond.

Kazi ya kikosi hiki ilikuwa kuwasaidia askari wa nchi kavu kwa ndege na kuwinda nyambizi. Meli zake za kubeba ndege zilikwenda polepole, na hazikuwa na mabamba mazito ya chuma ya kuzikinga. Destroya kama Johnston, yenye tani 2,100 hivi, ilikuwa na mizinga 5 ya milimita 127 na topido 10. Destroya ya kusindikiza ilikuwa na mizinga 2 tu ya aina hiyo na topido 3. Mizinga hiyo haikuweza kutoboa ubavu wa manowari kubwa. Silaha pekee ya destroya iliyoweza kuitisha manowari kama Yamato ilikuwa topido, yaani bomu linalojiendesha ndani ya maji. Lakini ili kuitumia vizuri, destroya ilipaswa kusogea karibu.

Asubuhi ya 25 Oktoba

Mnamo saa 12:45 asubuhi rubani aliyetoka St. Lo kutafuta nyambizi aliona manowari nyingi zikija. Alipotoa taarifa, wakubwa wake walidhani amekosea na kuona meli za Marekani. Muda mfupi baadaye milingoti mirefu ya manowari za Japani ilionekana kwenye upeo wa macho, na ilipokaribia saa 1 makombora ya kwanza yakaanza kuanguka kati ya meli za Taffy 3.

Sprague aliamuru meli za kubeba ndege zigeukie mashariki, zirushe ndege zote, na meli zote zitoe moshi mzito wa kuficha. Mvua kubwa iliyokuwa ikinyesha karibu nayo iliwapa kinga kwa dakika kadhaa. Lakini manowari za Japani zilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, na ilikuwa wazi kwamba zingewafikia.

Johnston na Kamanda Evans

Johnston ilianza kazi tarehe 27 Oktoba 1943 chini ya Kamanda Ernest Evans, mzaliwa wa Oklahoma mwenye asili ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Siku hiyo aliwaambia mabaharia wake kwamba meli hiyo itakwenda penye hatari, na asiyetaka kwenda ashuke mapema. Mwaka 1942 alikuwa katika destroya Alden wakati majeshi ya Washirika yaliposhindwa na Wajapani katika Bahari ya Java.

Evans hakungoja amri. Aligeuza meli yake akaenda peke yake kuelekea kruza za Japani, akapiga mizinga njiani, kisha akarusha topido zote 10. Moja iliipiga kruza nzito Kumano na kuivunja omo, ikalazimika kuacha mapigano.

Johnston ilipokuwa ikirudi ilipigwa na makombora makubwa matatu, kisha mengine madogo. Mtambo mmoja uliharibika, mwendo ukapungua kwa nusu, na watu wengi waliuawa. Evans mwenyewe alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Muda mfupi baadaye Sprague aliziamuru destroya zishambulie kwa topido. Johnston haikuwa na topido tena, lakini Evans aliwafuata wenzake ili kuwasaidia kwa mizinga.

Baadaye, chumba cha uongozi kilipokuwa hakifai tena, alihamia tezi na kutoa amri kwa sauti kupitia tundu la sitaha, huku mabaharia chini wakizungusha usukani kwa mikono. Katika hali hiyo Johnston ilikabili kruza Yahagi na destroya zilizokuwa zikizifuata meli za kubeba ndege. Destroya hizo za Japani zilirusha topido zao zikiwa bado mbali mno, na hakuna hata moja iliyolenga. Rubani mmoja kutoka St. Lo alizipiga risasi topido zilizokuwa zikiikaribia Kalinin Bay na kuzilipua.

Johnston ilizama saa 4:10 asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza mwaka mmoja wa kazi. Kati ya watu wake 327 walikufa 186, akiwemo Evans, ambaye mwili wake haukupatikana. Manusura walisimulia kwamba destroya moja ya Japani ilipopita karibu nao, ofisa aliyekuwa juu yake aliipigia saluti meli iliyokuwa ikizama.

Hoel, Heermann na Samuel B. Roberts

Hoel, chini ya Kamanda Leon Kintberger, iliishambulia kwanza manowari Kongo, kisha kruza nzito, ingawa ilikuwa imeshapigwa vibaya. Ilipigwa zaidi ya mara 40 na kuzama saa 2:55 asubuhi. Zaidi ya watu 250 walikufa. Heermann, chini ya Kamanda Amos Hathaway, iliharibiwa lakini haikuzama. Katika mashambulizi hayo Yamato iligeukia kaskazini ili kukwepa topido, ikajikuta na topido upande wa kulia na wa kushoto. Kwa dakika 10 hivi haikuweza kugeuka, ikazidi kwenda mbali na mapigano ikiwa na Kurita mwenyewe ndani yake.

Samuel B. Roberts iliongozwa na Luteni Kamanda Robert Copeland. Kabla ya kushambulia aliwatangazia mabaharia wake kwamba adui ana nguvu nyingi mno na kwamba wasitarajie kuokoka, ila watafanya madhara kadiri watakavyoweza. Mafundi wa mitambo waliondoa vizuizi vya usalama ili kuongeza mwendo, na meli iliyoundwa kwenda kilomita 44 kwa saa ikafikia 50 na zaidi. Baada ya kurusha topido zake 3 ilipigana kwa mizinga na kruza Chikuma kutoka karibu.

Mzinga wa nyuma uliongozwa na Paul Henry Carr, kijana wa miaka 20. Ulirusha makombora zaidi ya 300. Mfumo wa hewa uliosafisha mtutu ulipoharibika, yeye na wenzake waliendelea kupiga wakijua kwamba baruti inaweza kulipuka mikononi mwao. Ndivyo ilivyotokea. Carr alikutwa amejeruhiwa vibaya, ameshika kombora la mwisho akiomba asaidiwe kulipakia. Alikufa muda mfupi baadaye. Meli ilizama saa 4:05 asubuhi na watu wake 90 hivi walikufa.

Mashambulizi ya ndege

Marubani wa Taffy 3 walitumia ndege za aina ya Wildcat na Avenger. Nyingi ziliruka zikiwa na mabomu ya kushambulia nyambizi au mabomu madogo ya kutumia nchi kavu, na nyingine zilikuwa na risasi tu. Hata hivyo zilishambulia mfululizo, zikisaidiwa na ndege za vikosi jirani. Marubani waliokwisha risasi, kama Luteni Kamanda Edward Huxtable wa Gambier Bay, waliendelea kuzirukia manowari bila silaha yoyote. Wajapani hawakuweza kujua ni ndege ipi iliyo tupu, hivyo walilazimika kuzipiga zote na kugeuza meli zao mara kwa mara.

Kuondoka kwa Kurita

Gambier Bay ilipinduka na kuzama saa 3:07 asubuhi. Dakika chache baadaye, kruza zake zikiwa zimekaribia kuzifikia meli nyingine, Kurita aliamuru meli zake zikusanyike kaskazini. Baadaye aliacha kabisa safari ya kwenda Leyte.

Sababu za uamuzi huo bado hujadiliwa na wanahistoria. Kurita alidhani anapambana na meli kubwa za kubeba ndege. Kikosi chake kilikuwa kimetawanyika, hakuwa na picha kamili ya hali, na alikuwa amechoka baada ya siku kadhaa za mashambulizi. Meli iliyombeba awali, Atago, ilizamishwa tarehe 23. Mashambulizi ya destroya na ndege yalichangia mambo hayo: yalivunja mpangilio wa meli zake na kumfanya aamini kwamba adui ni mkubwa kuliko alivyokuwa. Pia makombora mengi ya Wajapani, yaliyoundwa kutoboa chuma kinene, yalipita katika meli nyembamba za Wamarekani bila kulipuka.

Hasara

Japani ilipoteza kruza nzito tatu: Chokai, Chikuma na Suzuya. Marekani ilipoteza Gambier Bay, Johnston, Hoel na Samuel B. Roberts. Siku hiyohiyo, kabla ya saa 5 asubuhi, ndege ya kamikaze iliigonga St. Lo, nayo ikazama. Zaidi ya Wamarekani 1,000 walikufa.

Manusura wa meli zilizozamishwa na mizinga walikaa majini siku mbili hivi kabla ya kuokolewa, kwa sababu taarifa ya mahali walipokuwa ilikuwa na makosa. Wengi waliokuwa wameokoka mapigano walikufa kwa majeraha, kiu na kushambuliwa na papa.

Heshima na mabaki ya meli

Kikosi cha Taffy 3 kilipewa Tuzo ya Rais ya vikosi. Evans alipewa Medali ya Heshima baada ya kufa kwake, na Carr alipewa Nyota ya Fedha. Manowari USS Carr ilipewa jina lake. Copeland alitunukiwa Msalaba wa Jeshi la Majini.

Mabaki ya Johnston yalipatikana mwaka 2019 na kuthibitishwa mwaka 2021 katika kina cha mita 6,400 na zaidi. Samuel B. Roberts ilipatikana Juni 2022 katika kina kikubwa zaidi. Kwenye omo ya Johnston namba yake, 557, bado inasomeka.