Ung'arishaji wa mawe kwa pipa

Ung'arishaji wa mawe kwa pipa ni kazi ya mikono, aghalabu ya burudani, ambayo mawe madogo hulainishwa hadi yang'ae kwa kuzungushwa ndani ya pipa dogo pamoja na maji na chenga kali. Jiwe halikatwi wala halichongwi. Mawe husuguana yenyewe kwa yenyewe, hatua kwa hatua, kwa majuma manne hivi. Makala hii inaeleza namna ya kuanza, kwa kutazama mawe ya Ubwari, katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini.

Ziwa na kazi yake

Ubwari ni rasi ya milima katika sehemu ya kaskazini-magharibi ya ziwa Tanganyika. Kati yake na mji wa Baraka ipo ghuba yenye jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1858 pamoja na John Speke, akadhani Ubwari ni kisiwa. Maji ya ghuba yamekingwa na rasi, lakini upande wa mashariki unatazama ziwa lililo wazi, na huko mawimbi hupiga kwa nguvu, hasa upepo wa kusini-mashariki unapovuma wakati wa kiangazi.

Kila wimbi huviringisha mawe ya ufukoni juu ya mchanga na kuyagonganisha. Pembe ndizo zinazopokea pigo la kwanza, kwa hiyo ndizo zinazokwisha kwanza, na jiwe hubaki mviringo. Hata hivyo ziwa halimalizi kazi. Mchanga wake ni mkubwa mno kwa kung'arisha, na kila siku huacha mikwaruzo mipya. Ndiyo maana jiwe lililookotwa majini likiwa jekundu huonekana la kijivu likishakauka nyumbani. Maji yalikuwa yamejaza mikwaruzo hiyo, mwanga ukapita bila kutawanyika. Yalipokauka, uso ukafifia. Mng'ao wa majini ni wa kuazima, na kung'arisha ni kuufanya uwe wa jiwe lenyewe.

Kuchagua mawe

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 10 kilichotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Mawe yanayofaa zaidi kwa anayeanza yana ugumu wa 6 hadi 7.

*Kwatzi* (7) ndilo jiwe la kutafuta kwanza. Fizi inalijua vizuri, kwa sababu dhahabu ya milimani mara nyingi hukaa ndani ya mishipa yake; katika machimbo ya Kivu Kusini watwangaji, wengi wao wanawake, hulisaga liwe unga ili kuitoa. Kwa mng'arishaji, kokoto nyeupe isiyo na dhahabu hata chembe ina thamani ileile na nyingine yoyote, mradi haina ufa.

*Mawe ya chembe mchanganyiko*, kama matale, hung'aa kwa sehemu. Chembe laini hung'oka na kuacha vishimo.

*Mawe ya tabaka*, yanayobanduka kama kurasa, hupasuka ndani ya pipa.

*Mawe ya chokaa* (karibu 3) ni laini mno. Hutambulika kwa tone la siki: hutoa povu. Makombe ya konokono wa ziwani, kama *Neothauma tanganyicense*, ambaye hapatikani kwingine duniani ila Tanganyika, ni ya chokaa pia, na hayawekwi pipa moja na kwatzi.

Kipimo chepesi ni chupa: jiwe likikwaruza kioo kwa urahisi, linafaa. Ufa hutafutwa kwa maji: jiwe lililoloweshwa likianza kukauka, mstari unaobaki mweusi ndio ufa. Pipa moja lipokee mawe yenye ugumu unaolingana, lakini ya ukubwa tofauti, ili madogo yafike kwenye mibonyeo ya makubwa.

Mawe huokotwa ufukoni, nje ya machimbo ya watu. Uchimbaji wa madini Kongo unaongozwa na sheria ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, na mchimbaji mdogo hutakiwa kuwa na kadi.

Vifaa

Kifaa kikuu ni pipa lenye ukuta wa mpira, linalolala juu ya fito mbili zinazozungushwa na mota. Mota hufanya kazi mchana na usiku, kwa hiyo pasipo umeme wa kudumu huhitajika sahani ya jua na betri. Pipa likisimama kwa saa chache, mawe hayaharibiki. Kazi huchelewa tu.

Chenga za kusagia ni za silikoni kabidi, iliyotengenezwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891. Ugumu wake ni zaidi ya 9. Mchanga wa ufukoni hauwezi kushika nafasi yake, kwani mwingi ni kwatzi, na kwatzi kwa kwatzi hulana polepole mno. Namba ya chenga ikipanda, chenga huwa laini zaidi.

Asiye na mashine anaweza kusugua jiwe mojamoja kwa karatasi ya msasa ya maji, kuanzia namba 80 hadi 2000. Karatasi hiyo imerithi jina la mmea ambao majani yake makavu yalitumiwa na mafundi kulainishia mbao.

Hatua nne

1. *Kuondoa pembe*: chenga namba 60 hadi 90, siku 7 au zaidi.
2. *Kulainisha*: namba 120 hadi 220, siku 7.
3. *Kuandaa mng'ao*: namba 500 hadi 600, siku 7.
4. *Kung'arisha*: unga wa oksidi ya alumini, siku 7.

Katika kila hatua pipa hujazwa mawe hadi theluthi mbili au robo tatu. Likiwa tupu mno mawe hupigana na kuvunjika, likijaa mno hayageuki. Maji hufika chini kidogo ya usawa wa mawe, na chenga ni vijiko vinne vya chakula kwa kilo moja ya mawe.

Kati ya hatua na hatua, mawe, pipa na kifuniko huoshwa kwa brashi. Chembe chache za namba 60 zikibaki hadi hatua ya nne, kazi ya mwezi mzima huharibika. Wanaoanza wengi hukosea hapa, au kwa kuharakisha hatua ya kwanza: kishimo kilichoachwa hapo hakiondolewi na hatua zinazofuata.

Usalama

Tope la pipa halimwagwi katika bomba la maji machafu, kwa sababu huganda kama saruji, wala ziwani, hufukiwa shimoni. Baadhi ya mawe hutoa gesi, hivyo pipa hufunguliwa mara moja kwa siku katika hatua ya kwanza. Vumbi la kwatzi likivutwa kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Pipa la maji halina hatari hiyo, lakini kuvunja au kusaga jiwe kavu kunayo.

Historia

Mbinu hii ni ya kale kuliko mota. Huko Khambhat, Gujarati, shanga za akiki zilitiwa katika mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga mkali, na wafanyakazi wakauviringisha huku na huko kwa siku nyingi. Shanga za akiki kutoka India zilivuka bahari hadi miji ya Waswahili, na zimefukuliwa na wanaakiolojia pwani ya Afrika Mashariki.

Kujua kazi imekwisha

Jiwe hutolewa, huoshwa kwa sabuni na kufutwa hadi likauke kabisa. Kisha huwekwa karibu na jingine la pipa hilohilo likiwa bado na maji. Likififia kuliko lile la maji, hurudishwa hatua moja nyuma. Yakiwa hayatofautiani, limemaliza.