Zao funika la majira ya baridi

Zao funika la majira ya baridi ni mmea unaopandwa bustanini baada ya mavuno ya mwisho ya kiangazi ili kuulinda na kuulisha udongo. Hauvunwi. Katika nchi za theluji, kama Kanada, kaskazini mwa Marekani na Ulaya ya kati, tuta lililovunwa Septemba huweza kukaa wazi hadi Aprili au Mei. Muda huo mvua huupigapiga udongo ukafanya gamba, na nitrati iliyosalia baada ya mavuno huzama na maji hadi mahali ambapo mizizi ya mboga haifiki, kisha huishia mitoni. Ndiyo maana jimbo la Maryland nchini Marekani, lililo kando ya Ghuba ya Chesapeake, huwalipa wakulima wanaopanda mazao haya: mbolea inayonaswa na mizizi shambani haiendi kuchafua ghuba.

Wengi huchagua zao kwa kutazama mbegu iliyopo dukani. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: nani ataliua, baridi au mwenye bustani?

Oti na figili ndefu huuawa na baridi. Halijoto ikishuka usiku baada ya usiku hadi kati ya nyuzi 7 na 10 chini ya sifuri, mimea hulala, na theluji ikiyeyuka hubaki mkeka wa majani makavu unaosogezwa kwa reki tu. Tuta la namna hii huwa tayari kwa njegere, spinachi na vitunguu vya mapema. Kwa mtu mwenye bustani ndogo na jembe la mkono, hakuna chaguo jema kuliko hili, mradi apande mapema, Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ili mimea ipate kimo kabla ya jalidi. Figili ni jamii moja na kabichi, kwa hiyo isipandwe kwenye tuta ambalo kabichi zake ziliugua mizizi.

Nafaka ya rai (Secale cereale) ni kinyume chake. Huota hata udongo ukiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, hivyo humfaa aliyechelewa hadi Oktoba, na hustahimili baridi inayoua karibu kila kitu kingine bustanini. Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea Howard Dittmer, huko Iowa, alichapisha vipimo vya mizizi ya mmea mmoja wa rai uliokuzwa kwa miezi minne ndani ya sanduku la udongo: mizizi yote ikiunganishwa ilizidi kilomita 600. Hakuna jembe linalotifua udongo kwa namna hiyo.

Rai hunasa nitrojeni iliyopo lakini haiongezi. Kazi ya kuongeza ni ya mikunde, na katika baridi kali unaotegemewa zaidi ni vechi ya manyoya (Vicia villosa). Siri yake imo katika vinundu vya mizizi, ambavyo wanasayansi Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth wa Ujerumani walithibitisha kati ya 1886 na 1888 kuwa ndimo nitrojeni ya hewa inamogeuzwa chakula cha mmea. Mwenye bustani anaweza kujihakikishia mwenyewe: machipuko yakifika ang'oe mmea mmoja taratibu, aoshe mizizi, apasue kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa kweupe au kijani, vechi inakula nitrojeni ya udongo kama nyasi yoyote. Kwenye ardhi isiyowahi kupandwa vechi wala njegere, mbegu huchanganywa na unga wa bakteria wa Rhizobium leguminosarum. Wale wa soya hawafai.

Kupanda hakuna ugumu. Tuta likishapaliliwa, mbegu hutawanywa kwa mkono, rai kilo 1 hivi kwa mita za mraba 100, vechi gramu 300 hivi, kisha hufukiwa sentimita 2 au 3 kwa reki. Zikichanganywa, rai ipunguzwe hadi nusu isije ikaisonga vechi. Vechi ipate walau mwezi mmoja kabla ya jalidi kali.

Ugumu uko kwenye kuua. Rai ikifyekwa ikiwa changa huchipua tena. Ikifyekwa wakati vumbi la njano linapepea kutoka kwenye masuke, haiinuki. Lakini kadiri inavyokomaa ndivyo inavyokuwa na kaboni nyingi, na ikifukiwa imekomaa, vijidudu vinavyoiozesha hukomba nitrojeni ya udongo na mahindi yanayofuata huwa manjano. Mabaki yake pia huzuia uotaji wa mbegu ndogo, kwa hiyo karoti na saladi zisubiri wiki 2 hadi 3. Vechi hufyekwa ikiwa katika maua, kabla ya maganda, kwa kuwa mbegu zake ngumu hukaa udongoni miaka na kugeuka magugu. Huko Beltsville, Maryland, katika miaka ya 1990, watafiti Aref Abdul-Baki na John Teasdale waliifyeka vechi, wakaiacha juu ya udongo na kuchomeka miche ya nyanya humo humo bila kulima.

Afrika Mashariki haina majira ya theluji, na kazi hii hufanywa na fiwi, mukuna na marejea, mmea uliohimizwa sana na watawa Wabenediktini wa Peramiho mkoani Ruvuma. Hata hivyo oti na vechi zinajulikana katika nyanda za baridi kama Kinangop nchini Kenya, ambako hupandwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Huko jalidi huunguza majani lakini si ya kutegemewa kuiua oti, kwa hiyo anayeitumia kufunika udongo sharti aifyeke kabla mbegu hazijakomaa.