Barua Iliyoandikiwa Nyota

Mwishoni mwa miaka ya 1970 posta ya Uingereza ilipokea barua yenye anwani ya ajabu. Aliyeiandika aliielekeza kwa Megadodo Publications, Jumba la Megadodo, Ursa Minor. Ursa Minor ni kundi la nyota, lile lenye Nyota ya Kaskazini. Megadodo nayo ni kampuni ya vitabu isiyokuwapo popote duniani. Ilikuwa ndani ya mchezo wa redio tu. Mfanyakazi aliyekuwa akichambua barua hakuitupa. Alichukua kalamu akaandika kwenye bahasha kwamba waijaribu BBC. Ikafika.

Mchezo wenyewe ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, kazi ya Douglas Adams. Ulianza kurushwa na Radio 4 Jumatano ya tarehe 8 Machi 1978, saa nne na nusu usiku, wakati watu wengi wamekwisha kuvuta shuka. Haukupigiwa debe la maana. Walioukuta hewani wakawaambia wenzao, wenzao wakaandika barua kuuliza utarudiwa lini, na mwaka huohuo ukarudiwa mara mbili. Huyo wa posta, nadhani, alikuwa mmoja wao, maana asiyeusikia angejuaje kwamba barua ya kwenda kwenye nyota njia yake inapitia London?

Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, mashabiki wa hadithi za sayansi kutoka nchi mbalimbali walikutana Brighton, kusini mwa Uingereza, katika mkutano wao mkuu wa kila mwaka. Hapo ndipo hutolewa Tuzo za Hugo, na wapiga kura ni mashabiki wenyewe. Katika fungu la maigizo, mchezo wa Adams ulishindanishwa na filamu ya Superman. Filamu ikashinda. Christopher Reeve, aliyeigiza Superman, alipanda jukwaani kuipokea tuzo, akawaambia waliohudhuria kwamba kwa maoni yake ilistahili kwenda kwa ule mchezo wa redio. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Filamu ya mamilioni ya dola ilikuwa imebanwa na kipindi cha redio cha usiku, na mshindi mwenyewe alikiri mbele ya watu.

Naipenda sana habari hiyo kwa sababu inaonyesha nguvu ya wasikilizaji katika sanaa hii. Mchezo wa redio haumwoneshi mtu kitu chochote. Msomaji aliyekulia na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania analijua hilo: sura ya Pwagu kila nyumba iliichora yenyewe. Ukija kwenye hadithi za sayansi kazi hiyo inakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa msikilizaji anaombwa achore kichwani viumbe na dunia ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona. Mtu aliyefanya kazi hiyo hujiona ana hisa katika mchezo. Akiudhika husema, akifurahi husema, na mara nyingine hafanyi subira mpaka aulizwe.

Tukirudi nyuma, mfano unaotajwa kila mara ni wa Jumapili, tarehe 30 Oktoba 1938. Orson Welles, kijana wa miaka 23, na kundi lake la Mercury Theatre walirusha kupitia CBS mjini New York mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds. Howard Koch aliuandika kwa umbo la taarifa za habari: muziki unakatwa, mtangazaji anaingia, viumbe kutoka sayari ya Mirihi wametua Grover's Mill, New Jersey. Kuna pahali ripota yuko uwanjani anaeleza moto unavyomsogelea, kisha sauti yake inakatika. Baadaye hakuna kitu. Kimya. Redio iliyowashwa ikanyamaza kwa sekunde chache tu, na hizo ndizo zilizowatisha watu kuliko kelele zote zilizotangulia.

Asubuhi yake magazeti yaliandika kwamba Marekani nzima ilikumbwa na kiwewe. Yalitia chumvi. Uchunguzi wa simu uliofanywa usiku uleule na kampuni ya Hooper ulionyesha kuwa ni asilimia 2 tu ya waliohojiwa waliokuwa wakisikiliza kipindi hicho. Wengi walikuwa kwa mchekeshaji Edgar Bergen katika kituo kingine. Watu walioogopa walikuwapo, tena si haba, lakini magazeti yalikuwa yakigombania matangazo ya biashara na redio, nayo yalipata fimbo ya kuichapia. Ukitaka kujua wasikilizaji walisema nini, fungua barua walizomwandikia Welles, ambazo leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Michigan. Nyingi zinampongeza.

Quito, mji mkuu wa Ecuador, hali ilikuwa nyingine kabisa. Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1949, Radio Quito iliukatiza muziki na kutangaza kwa Kihispania uvamizi uleule, safari hii kwa majina ya mahali ambapo kila msikilizaji alipafahamu. Watu walimiminika barabarani, wengine na nguo za kulalia. Ilipotangazwa kwamba ni mchezo, hofu iligeuka hasira. Umati ukalizingira jengo la gazeti la El Comercio, ambamo redio hiyo ilikuwa na studio, ukalirushia mawe na kulitia moto. Watu waliokuwa ndani walikufa. Sioni namna ya kulieleza tukio hilo kama kituko cha zamani. Wasikilizaji walikuwa wamekopesha imani yao, wakaona wamedhulumiwa, na waliolipa ni wafanyakazi waliokuwa zamu usiku ule.

BBC ilipoanza kurusha Journey into Space tarehe 21 Septemba 1953, hakuna aliyefanywa aamini kwamba ni habari za kweli. Mwandishi wake, Charles Chilton, aliuita mchezo kuwa mchezo, na akawapa watu kitu cha kuwafanya warudi wiki hadi wiki: wanaume wanne ndani ya chombo kimoja cha anga, Jet Morgan, Doc, Mitch na Lemmy. Lemmy, fundi wa redio, alikuwa mtoto wa mjini London, mwoga kidogo, mwenye maneno mengi. Familia zilikaa jioni zikimsikiliza. Inatajwa kuwa huo ndio mchezo wa mwisho wa redio nchini Uingereza uliowahi kuishinda televisheni kwa idadi ya watu wa jioni. Hata hivyo kanda zake zilifutwa, na kwa miaka mingi ilidhaniwa umepotea moja kwa moja, mpaka mwaka 1986 zilipopatikana ghalani santuri zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya vituo vya nje, zikiwa zimewekwa mahali pasipo pake.

Ufutaji huo ndio unaotufikisha kwenye kisa kinachonigusa kuliko vyote. Doctor Who si mchezo wa redio kwa asili. Ni wa televisheni, unaomhusu Daktari, msafiri wa anga anayebadilika sura na kuigizwa na waigizaji kwa zamu; ulianza tarehe 23 Novemba 1963, na sauti ya chombo cha Daktari kinapotua ilipatikana kwa fundi Brian Hodgson kukwaruza ufunguo wa nyumba kwenye nyuzi za piano kuukuu. Katika miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta au kutupa kanda zake nyingi. Kanda zilikuwa ghali, mikataba ya waigizaji haikuruhusu marudio mengi, na rangi ilipoingia, picha nyeusi na nyeupe zikaonekana mali isiyo na soko. Karibu vipindi 100 vilitoweka.

Sauti zake hazikutoweka hata kipindi kimoja. Zilikuwa majumbani mwa watoto. Enzi hizo hakukuwa na video ya nyumbani; aliyependa kipindi alikuwa na njia moja, nayo ni kuweka maikrofoni ya kinasa sauti mbele ya spika ya televisheni, kuwaomba wa nyumbani wanyamaze, kisha kuomba Mungu mlango usigongwe. Kijana mmoja alikwenda mbali zaidi: aliunganisha waya kutoka ndani ya televisheni yao moja kwa moja hadi kwenye kinasa, na kanda zake hadi leo zinasifiwa kwa usafi wa sauti. Hakuwa akihifadhi historia. Alitaka asikilize tena kabla ya kulala.

Kwa kanda hizo, bila mtu yeyote kukusudia, kipindi cha televisheni kikawa mchezo wa sauti. Mashabiki walinakiliana, wakatumiana kwa posta, wakabishana katika vijarida walivyovichapa wenyewe kuhusu hadithi ambazo picha zake hakuna aliyezikumbuka sawasawa. Miaka ya 1990 BBC yenyewe ikaanza kuuza sauti hizo kwa kaseti, zikiwa na msimulizi wa kujaza pale panapohitaji macho. Mwaka 2016, The Power of the Daleks, hadithi ya kwanza ya Patrick Troughton akiwa Daktari, ambayo vipindi vyake vyote sita vimepotea, ilichorwa upya kwa katuni juu ya sauti iliyonaswa nyumbani miaka 50 kabla.

Kizazi cha vijarida hivyo hakikuishia kubishana. Mwaka 1984 kundi la mashabiki, miongoni mwao Bill Baggs, Gary Russell na Nicholas Briggs, lilianza kutengeneza michezo yake ya Doctor Who kwa kaseti, kwa jina la Audio Visuals. Hawakuwa na leseni wala bajeti ya kuzungumziwa. Briggs ndiye aliyekuwa Daktari. Waliendelea hadi 1991, na kufikia hapo BBC ilikuwa imekwisha kusimamisha kipindi cha televisheni, mwezi Desemba 1989. Mashabiki walikuwa na maoni mengi kuhusu sababu za kuanguka kwake: hadithi dhaifu, vichekesho vilivyozidi, wakubwa wasiojali. Kutoa maoni ni rahisi. Hawa waliyatoa kwa kuandika mchezo mzima, kuuigiza na kuupeleka posta.

Russell alikuja kuwa mhariri wa jarida la Doctor Who Magazine, kisha mtayarishaji wa kampuni ya Big Finish, iliyoanzishwa na Jason Haigh-Ellery. Kampuni hiyo ilipata leseni ya BBC, na Julai 1999 ikatoa The Sirens of Time, ikiwa na waigizaji watatu wa Daktari kutoka televisheni: Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy. Aliyeandika na kuongoza ni Briggs. Kipindi kilichokuwa kimekufa kwenye skrini kikawa kinatoka kwa CD, na kila kilipotoka mashabiki walikiweka mezani na kukichambua kama karanga.

Habari ya Colin Baker inastahili kusimuliwa polepole. Televisheni ilimwonea. Alipewa koti la viraka vya rangi zinazogombana, hadithi ambazo wengi hawakuzipenda, na mwaka 1986 akaachishwa. Kwa muda mrefu mashabiki walimweka mkiani kila walipowapanga Madaktari. Katika mchezo wa sauti koti halionekani. Kilichobaki ni sauti, na sauti ya Baker ni nzito, yenye majivuno na huruma kwa pamoja. Mwaka 2000, katika The Marian Conspiracy, akapewa mwenza wa safari wa aina mpya: Evelyn Smythe, mhadhiri wa historia wa makamo aliyeigizwa na Maggie Stables, mama anayependa keki na asiyetishwa na Daktari hata kidogo. Msikilizaji anayewasikia wakijibizana anatambua kwamba yule mtu aliyemdharau alikuwapo siku zote, ila hakupewa nafasi. Wasomaji wa Doctor Who Magazine walipopiga kura kuhusu michezo ya sauti, Baker ndiye waliyemchagua Daktari bora. Hao ni walewale waliokuwa wakimweka mkiani.

Mimi niliingia kwa mlango wa Spare Parts, mchezo wa Marc Platt wa mwaka 2002. Unaeleza asili ya Cybermen, watu waliojibadilisha kidogo kidogo kuwa mashine ili wasife. Kuna msichana anachukuliwa kwenda kubadilishwa, kisha anatoroka na kurudi kwao. Baba anafungua mlango. Kinachoongea mlangoni ni chuma, sauti bapa isiyo na pumzi, lakini maneno ni ya mtoto anayemwita baba yake. Nilikuwa jikoni nikiosha vyombo, nikafunga bomba nisikie. Televisheni ingenionyesha vazi la plastiki la fedha, nami ningeona vazi. Kwa sauti peke yake nilimwona binti.

Doctor Who ilirudi kwenye televisheni mwaka 2005, na ilirudi kwa mikono ya wasikilizaji hawa. Robert Shearman alikuwa ameandika mwaka 2003 mchezo wa sauti uitwao Jubilee, wenye Dalek mmoja, kiumbe wa jamii ya maadui wakubwa wa Daktari, aliyefungwa na kuteswa peke yake. Akaitwa kuandika Dalek, kipindi cha Aprili 2005 kilichozaliwa kutokana na wazo hilo. Na sauti ya Dalek tangu hapo ni ya Nicholas Briggs, yule Daktari wa kaseti za posta.

Akabaki Paul McGann. Alikuwa Daktari kwa usiku mmoja tu, katika filamu ya televisheni ya 1996, kisha kuanzia Storm Warning ya Januari 2001 akaishi masikioni mwa watu kwa miaka. Kila mjadala ulizua swali lilelile: je, hadithi hizi ni za kweli, au ni za pembeni tu, za wale wanaosikiliza? Tarehe 14 Novemba 2013 BBC ilitoa filamu fupi, The Night of the Doctor. McGann anaonekana tena, amezeeka kidogo, ameshika kikombe kitakachombadilisha. Kabla ya kunywa anawaaga wenzake waliosafiri naye. Charley. C'rizz. Lucie. Tamsin. Molly. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuonekana kwenye televisheni.