Mikhail Bakhtin: mawazo yaliyofika kinyumenyume

Tarehe 15 Novemba 1946, katika Taasisi ya Fasihi ya Dunia ya Gorky jijini Moscow, mwalimu wa chuo cha ualimu cha mkoani alisimama mbele ya wanazuoni kutetea tasnifu yake. Mikhail Bakhtin alikuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka 51. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa mwaka 1938, baada ya ugonjwa wa mifupa uliomwandama tangu ujana. Tasnifu ilimhusu François Rabelais, mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 16, na humo Bakhtin alidai kwamba ufunguo wa Rabelais haupo katika vitabu vya wasomi bali sokoni: katika matusi, ulafi, masikhara na sherehe za watu wa kawaida. Wakati haukuwa mzuri kwa madai ya namna hiyo. Miezi mitatu tu kabla, Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilikuwa imewashambulia hadharani waandishi Anna Akhmatova na Mikhail Zoshchenko, na kila mhakiki alijua upepo unavumia wapi. Baraza lilimkubalia shahada ya kandidati bila kupingwa. Kuhusu ile ya juu zaidi, ya udaktari, kura ziligawanyika: 7 ndiyo, 6 hapana. Suala likapelekwa kwenye mamlaka ya taifa ya shahada, likakaa huko miaka, na mwaka 1952 Bakhtin akapewa ile ya chini.

Mtu huyo aliyenyimwa udaktari ndiye ambaye leo anatajwa na wanahistoria, wanaanthropolojia, walimu wa lugha, wanasaikolojia na wachambuzi wa siasa za Afrika. Lakini mawazo yake hayakusafiri kama vitabu vya kawaida vinavyosafiri. Yalifika vipande vipande, tena kinyumenyume: aliyoyaandika ukubwani yalisomwa kwanza, aliyoyaandika kijana yakaja mwisho kabisa, yeye akiwa kaburini. Kila taaluma ilichukua kipande kilichoifikia ikajijengea Bakhtin wake. Nami naona kwamba kipande kilichoshangiliwa kuliko vyote, yaani wazo la kanivali, zile sherehe za watu wa kawaida, ndicho kilichokuwa na nyufa nyingi zaidi. Urithi wake mkubwa ni wazo lenye sura ya kawaida kabisa: kwamba hakuna mtu anayesema neno la kwanza, kila tamko ni jibu kwa tamko lililotangulia na linangoja kujibiwa.

Alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Oryol, kusini mwa Moscow, akakulia Vilnius na Odessa. Baada ya mapinduzi, mwaka 1918, alihamia Nevel, mji mdogo wa magharibi, kisha Vitebsk. Njaa ilikuwa kali Petrograd alikotoka, na miji hiyo ya pembeni angalau ilikuwa na chakula kidogo na uhuru kidogo. Hapo likakusanyika kundi la vijana waliokesha wakibishana juu ya Kant, dini na muziki: Valentin Voloshinov, Pavel Medvedev, mwanafalsafa Matvei Kagan, mpiga piano Maria Yudina. Mwaka 1924 Bakhtin alihamia Leningrad, jina jipya la Petrograd, na mwisho wa 1928 akakamatwa katika msako dhidi ya vikundi vya Wakristo wenye kutafakari. Kitabu chake kuhusu Dostoevsky kilitoka mwaka 1929 yeye akiwa tayari mikononi mwa dola. Alihukumiwa miaka mitano katika kambi ya visiwa vya Solovki, ambako kwa afya yake asingetoka hai. Hukumu ikabadilishwa kuwa uhamisho wa Kustanai, Kazakhstan. Wakati huohuo Anatoly Lunacharsky, aliyekuwa kamishna wa elimu, alikuwa amekiandikia kitabu kile tahakiki ya kukisifu.

Huko Kustanai alifanya kazi ya hesabu katika ushirika. Mwaka 1934 alichapisha makala kuhusu mahitaji ya bidhaa ya wakulima wa mashamba ya pamoja, katika jarida la biashara. Jioni aliandika juu ya riwaya. Ndiyo miaka aliyojenga hoja kwamba lugha moja ya taifa si moja hata kidogo: ndani yake zimo lugha za wafanyabiashara, mapadri, wanasheria, vijana, kila moja na mtazamo wake wa dunia, na riwaya ni utanzu unaoziruhusu zote ziingie na kugongana. Tukumbuke aliyaandika hayo wakati dola ya Stalin ikidai kuwe na sauti moja tu nchini.

Wenzake hawakuwa na bahati yake. Voloshinov alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1936. Medvedev alipigwa risasi mwaka 1938. Baadaye ulizuka ugomvi, ambao haujaisha, juu ya nani hasa aliandika vitabu vilivyotoka kwa majina yao, kikiwemo *Umarksi na Falsafa ya Lugha* cha mwaka 1929. Wapo wanaosema vyote ni vya Bakhtin. Mimi nawaachia Voloshinov na Medvedev vitabu vyao. Si haki waliokufa mapema wanyang'anywe hata fikra zao.

Bakhtin alipotea machoni pa watu kwa miaka mingi, sehemu kubwa akifundisha Saransk, mji mkuu wa Mordovia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti watatu vijana wa Taasisi ya Gorky, Vadim Kozhinov, Sergei Bocharov na Georgi Gachev, walisoma kitabu kuhusu Dostoevsky na tasnifu kuhusu Rabelais iliyolala kwenye hifadhi, wakagundua kwa mshangao kwamba mwandishi yu hai. Walimfuata Saransk. Kwa juhudi zao kitabu cha Dostoevsky kilitoka upya mwaka 1963, na kile cha Rabelais kikachapishwa mwaka 1965, miaka 19 baada ya utetezi ule.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Mwishoni mwa 1965 mwanafunzi wa Kibulgaria aitwaye Julia Kristeva aliwasili Paris akiwa amesoma vitabu hivyo kwa Kirusi. Mwaka uliofuata alimwasilisha Bakhtin katika semina ya Roland Barthes, na mwaka 1967 makala yake ikatoka katika jarida la *Critique*. Humo ndimo lilimozaliwa wazo la mwingilianomatini, ambalo leo mwanafunzi yeyote wa shahada ya fasihi ya Kiswahili, awe Dodoma au Eldoret, analitumia bila kusita. Ila kuna kilichopotea njiani. Bakhtin alizungumzia watu wanaosema, wenye miili, vyeo na hofu. Kristeva, katika Paris ya wakati ule iliyokuwa ikitangaza kifo cha mwandishi, aliwaondoa watu akabakiza matini. Tasnifu zetu nyingi zimerithi hasara hiyo: zinaorodhesha riwaya ipi imechota kwa ipi, lakini haziulizi nani alikuwa anamjibu nani, na kwa nini.

Waliosoma Kiingereza walianza na Rabelais, kitabu kilichotafsiriwa mwaka 1968, mwaka wa wanafunzi kufunga barabara kutoka Paris hadi Mexico. Si ajabu kwamba waliona kanivali kila mahali. Bakhtin alieleza sherehe za Ulaya ya kale ambamo mfalme wa kuigiza alivikwa taji na kuvuliwa, mwili ukasherehekewa kwa tumbo na makalio yake, na kwa siku chache mkubwa na mdogo wakacheka pamoja. Wanahistoria walipata mlango. Natalie Zemon Davis, mwaka 1971, aliandika juu ya vikundi vya vijana wa Ufaransa vilivyoendesha mizaha ya hadhara na kuonyesha kwamba mizaha ile ingeweza kulinda mila za kijiji, na pia kuwachoma watawala. Carlo Ginzburg alikwenda mbali zaidi mwaka 1976 alipochapisha kisa cha Menocchio, msaga nafaka wa Friuli aliyeuawa kwa hukumu ya Mahakama ya Uchunguzi ya Kanisa. Ginzburg alikiri deni lake kwa Bakhtin, kisha akaeleza udhaifu: katika kitabu cha Bakhtin kuhusu Rabelais, wakulima na mafundi wanasikika kupitia kinywa cha Rabelais tu. Yeye alitaka kumsikia msaga nafaka mwenyewe, na kumbukumbu za mahakama zilimpa nafasi hiyo.

Ukosoaji mwingine ulitoka Moscow kwenyewe. Aron Gurevich, mwanahistoria wa zama za kati, alihoji: iko wapi hofu? Watu walewale waliocheka sokoni waliogopa jehanamu na waliwachoma moto majirani zao wakiwaita wachawi. Kukitenga kicheko na hofu ni kukata nusu ya utamaduni wao.

Pigo zito zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka Afrika. Mwaka 1992 Achille Mbembe, Mkameruni, alichapisha katika jarida la *Africa* makala kuhusu utawala baada ya ukoloni. Bakhtin alikuwa amewapa watu wa chini peke yao lugha ya tumbo, uchafu na kejeli. Mbembe akatazama magwaride, karamu, medali na picha za rais zilizotundikwa hata vichochoroni, akasema: hapa ni dola yenyewe inayokula kupita kiasi na kujitia chuku. Raia wanacheka, ndiyo, wanapotosha kaulimbiu za chama kwa utani wa matusi, lakini wanacheka huku wakicheza ngoma ya mapokezi. Mtawala na mtawaliwa wanaishi nyumba moja, wanatumia alama zilezile, na kicheko hakimng'oi yeyote. Msomaji aliyewahi kuona wananchi wakimteta kiongozi asubuhi na kugombea fulana zake jioni hahitaji kuelezwa zaidi. Wapo waliomlaumu Mbembe kwa kukata tamaa, na lawama hiyo ina uzito, kwani wakati akiandika hayo watu wa Afrika walikuwa barabarani wakidai vyama vingi, na baadhi ya watawala waling'oka. Hata hivyo, tangu makala ile haiwezekani tena kuandika kwa uaminifu kwamba utani wa watu ni upinzani, ukaishia hapo.

Kipande cha lugha kilichelewa kuwafikia wasomaji wa Kiingereza: Voloshinov mwaka 1973, na insha za Bakhtin juu ya riwaya mwaka 1981. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akiongoza kituo cha taaluma za utamaduni katika Chuo Kikuu cha Birmingham, alimtumia Voloshinov kueleza jinsi neno moja linavyogombewa na matabaka. Neno "mweusi", kwa mfano, lililobebeshwa dharau kwa karne nyingi, liligeuzwa na wenyewe kuwa jina la fahari bila kubadilishwa hata herufi. Ndugu yake Bakhtin, Nikolai, aliyekimbilia uhamishoni, alikuwa amefundisha isimu katika chuo hichohicho hadi alipofariki mwaka 1950. Ndugu hao wawili, waliokuwa pamoja tangu utoto, hawakuonana tena baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, na inauma kufikiri kwamba fikra za kundi la Mikhail zilifika mahali pa kazi pa Nikolai baada ya kifo chake. Mwaka 1983 James Clifford aliwauliza wanaanthropolojia swali lililowatikisa: kwa nini kitabu kuhusu jamii nzima kina sauti moja tu, ya mtafiti, ilhali kilitokana na mazungumzo na watu wengi? Mwaka 1988 Henry Louis Gates alisoma fasihi ya Wamarekani Weusi kwa wazo la Bakhtin la neno lenye sauti mbili, neno la bwana linalosemwa tena kwa nia ya mtumwa.

Upo upande mmoja wa Bakhtin ambao sisi, wasomaji wa Kiswahili, tuna haki ya kuusahihisha, na sijaona tukifanya hivyo kwa nguvu inayostahili. Alishikilia kwamba ushairi, tofauti na riwaya, ni lugha ya sauti moja: mshairi hutawala maneno yake peke yake na kuyasafisha makusudio ya watu wengine. Hoja hiyo inavunjika mara tu inapofika Mombasa. Muyaka wa Mwinyi Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, hakutunga peke yake. Alitunga akiwajibu watu wa Lamu, na Lamu ilikuwa na Zahidi Mngumi, aliyejibu kwa silaha ileile ya tungo, wakati miji hiyo ikielekea kupigana vita huko Shela. Beti ya Muyaka ukiisoma bila ile anayoijibu, umeshika nusu ya mazungumzo. Neno la adui limo ndani ya beti, limepinduliwa. Utamaduni huo wa kujibizana uliendelea katika kurasa za ushairi za magazeti, ambako fumbo la mtu wa Tanga lilifumbuliwa na mtu wa Lindi, na ulisikika tena katika malumbano makali ya miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* na wanamapokeo wakajibu kwamba kisicho na vina na mizani si shairi. Bakhtin alikuwa na ushairi wa Ulaya mbele yake, shairi la mtu mmoja chumbani, akaliona hilo kuwa ushairi wote.

Kazi ya kumsahihisha Bakhtin inaweza kuanza hata kwenye uhariri. Diwani zetu za kale huchapishwa kwa jina la mtunzi mmoja, na majibu ya wapinzani, yakitajwa, hutupwa katika maelezo ya chini kwa herufi ndogo. Tunahitaji toleo ambalo Muyaka na Zahidi wanapangwa ukurasa kwa ukurasa, Mombasa kushoto na Lamu kulia, kwa mfuatano waliojibizana kadiri miswada iliyobaki inavyoruhusu.