Misafara, Reli na Shule: Uongozi Mbele ya Mabadiliko katika Ukanda wa Goweko na Tabora

1.0 Utangulizi

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati kilichoko mashariki mwa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Kabla ya reli, ukanda huu ulikuwa sehemu ya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na kupitia Tura, Rubuga na Kigwa hadi Unyanyembe. Kwa sababu hiyo, ni mahali panapofaa kuchunguza swali linalojadiliwa sana katika taaluma ya uongozi: kwa nini baadhi ya taasisi huvuka mabadiliko makubwa, ilhali nyingine zilizokuwa na nguvu zaidi hutoweka?

Mijadala mingi hutafuta jibu katika maamuzi ya kiongozi. Insha hii inatoa hoja tofauti kidogo. Historia ya Unyamwezi inaonesha kwamba hatima ya taasisi hutegemea pia mahali ujuzi wake ulipohifadhiwa: kwa kiongozi mmoja, kwa watendaji wa ngazi ya chini, au katika utaratibu unaoweza kurithiwa. Mifano inayotumika ni mitatu: dola ya Mirambo, biashara ya misafara, na Shule ya Serikali ya Tabora.

2.0 Dola ya Mirambo: Ujuzi kwa Mtu Mmoja

Mirambo wa Urambo alitambua kwamba faida ya biashara ya pembe za ndovu ilitokana pia na umiliki wa njia. Kuanzia mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe, akaivuruga njia ya kwenda Ujiji na kudai haki ya kutoza hongo. Jeshi lake la rugaruga liliwakusanya vijana waliotoka jamii mbalimbali. Aliwapokea pia wamisionari wa London Missionary Society, akiwatumia kama kiungo na dunia ya nje.

Kwa kigezo cha mkakati, ni vigumu kumpata kiongozi wa zama zake katika eneo hilo aliyemzidi. Hata hivyo, alipofariki Desemba 1884, dola yake ilianza kusambaratika. Utii wa rugaruga ulikuwa kwa mtu, haukuwa kwa cheo chake. Alichokijua Mirambo kuhusu mapatano, vitisho na mgawanyo wa mapato hakikuwa na mahali pengine pa kukaa baada yake.

3.0 Msafara: Ujuzi kwa Wapagazi

Msafara ulikuwa shirika la biashara lenye ngazi zake. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Zanzibar na Bagamoyo, miongoni mwao Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, na Sewa Haji aliyejulikana kwa kuandaa wapagazi na vifaa. Chini yao walikuwapo wenye msafara, kisha wanyampara, na mbele ya wote kirangozi, aliyeongoza mwendo. Biashara hiyo ilibeba pia dhuluma kubwa, kwani watumwa walikuwa sehemu ya bidhaa zake na sehemu ya nguvukazi yake.

Hata hivyo, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walibeba mizigo ya takriban kilo 30, walijadiliana kuhusu posho, na waligoma au kuondoka pale makubaliano yalipovunjwa. Wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kurejea mashambani mvua zilipokaribia. Wao ndio waliojua visima, bei za vyakula, masharti ya watemi na kasi inayovumilika. Tajiri wa pwani alimiliki deni na bidhaa, lakini hakumiliki maarifa ya njia.

Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miongoni mwa vibarua walioijenga walikuwamo Wanyamwezi wengi. Kwa maneno mengine, watu wa msafara walishiriki kuijenga njia iliyouondoa msafara. Safari ya kwenda pwani, iliyochukua takriban miezi mitatu kwa miguu, ikawa ya siku chache.

Msafara kama shirika haukupona, lakini ujuzi wa wapagazi haukupotea mara moja. Desturi ya kuondoka kwa msimu, kujadili ujira na kusafiri kwa makundi ilihamia katika kazi za reli na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tofauti ni kwamba huko walikuwa manamba chini ya mikataba waliyoandikiwa na wengine. Maarifa yao yalisalia, lakini nafasi yao ya kuamua ilipungua sana.

4.0 Shule ya Tabora: Ujuzi katika Utaratibu

Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, mwaka ambao Gavana Donald Cameron aliwasili Tanganyika na kuanza kuimarisha sera ya kutawala kupitia machifu. Lengo lake la awali lilikuwa kuwaandaa watoto wa machifu kwa ajili ya utawala huo. Maisha ya bweni, viranja na michezo vilifuata mfano wa shule za Uingereza.

Lengo hilo lilibadilika hatua kwa hatua. Wanafunzi wasio warithi wa uchifu walipokelewa, na kufaulu kukawa na uzito kuliko nasaba. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia mwaka 1937. Rashidi Kawawa, ambaye hakuwa mrithi wa uchifu, alisoma hapo baadaye. Mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na Nyerere iliufuta uchifu uliokuwa sababu ya kuanzishwa kwa shule hiyo. Shule iliendelea. Ilikuwa tayari na walimu, mitaala na mitihani isiyotegemea uhai wa kiongozi yeyote wala uhalali wa lengo lake la kwanza.

Pingamizi moja linastahili kuzingatiwa. Shule ilibebwa na fedha za serikali, jambo ambalo msafara haukulipata. Aidha, nafasi zake zilikuwa chache, na wakazi wengi wa vijiji vilivyo kandokando ya reli hawakunufaika nayo moja kwa moja. Kudumu kwa taasisi si sawa na kuwatendea haki watu wote wanaoizunguka.

5.0 Hitimisho

Mirambo alikuwa na mkakati bila urithi. Wapagazi walikuwa na ujuzi bila mamlaka. Shule ilikuwa na utaratibu uliolishinda lengo lake. Kutokana na mifano hii, uongozi wakati wa mabadiliko unapaswa kupimwa kwa maswali mawili: nani anaijua kazi kwa hakika, na je, anao usemi katika uamuzi? Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora unayarejesha maswali hayo katika ukanda uleule. Mwaka 1912 wapagazi waliuliziwa nguvu zao tu. Historia ya njia hii inaonesha gharama ya kutowauliza walichokijua.